Diski ya pleya ya DJ ikigoma: urudishe ya kuzunguka, uweke SSD, kadi, au uhamie kwenye flashi?

Zima spika, washa pleya peke yake, kisha weka sikio ubavuni mwake. Diski ya kuzunguka iliyo nzima huvuma taratibu, na ukichagua wimbo unasikia mkwaruzo mfupi wa kichwa, kile kinachosoma data, kikihama. Ikipiga tik, tik, tik kwa mpigo uleule, ikatulia, ikaanza upya, ujue kichwa kinatafuta alama zake kwenye sahani, lile bamba la ndani linalotunza data, na hakizipati. Ikianza kuzunguka, ikafifia, ikaanza tena, mara nyingi umeme haufiki wa kutosha. Ikitoa mlio mwembamba kama wa mbu bila kuzunguka, mota imekwama. Na ikiwa kimya kabisa, huenda hata umeme wenyewe haujaifikia.

Nimeanza na sikio kwa sababu ma-DJ wenzangu wakinitafuta huwa swali ni moja, "ninunue SSD ipi?" (yaani diski ya chipu tupu, isiyo na kinachozunguka), na pleya yenyewe hakuna aliyeifungua. Siwacheki. Pleya yangu ya kwanza yenye diski ndani ilikuwa inaganda katikati ya seti, hasa besi ikikolea. Nikanunua diski mpya, nikakesha nikihamisha nyimbo, nikafunga skrubu zote. Wikiendi iliyofuata ikaganda vilevile. Fundi akaifungua, akaubonyeza kwa kidole gumba ule waya wa utepe unaounganisha diski na bodi. Uliingia ndani kama milimita moja.

"Kaka, diski yako ya zamani haina neno," akaniambia. "Hata ungeweka tano mpya, zote zingeganda."

Ile diski niliyoiona mbovu ilinihudumia kwenye kompyuta miaka kadhaa baadaye.

Kwanza hakikisha ni diski

Kosa jepesi kuligundua ni la faili. Wimbo mmoja unagoma, mingine inapiga bila shida. Nakili wimbo huohuo kwenye flashi nyingine. Ukigoma na huko, diski haina hatia. Kwenye CDJ za Pioneer utaona namba E-8305, maana yake pleya haikubali muundo wa faili hilo. Mara nyingi ni WAV iliyotolewa na programu ya kutengenezea muziki ikiwa na kichwa cha habari cha aina ndefu, ambacho kompyuta inakielewa ila pleya nyingi za zamani hazikielewi. Itoe upya kama WAV ya kawaida ya biti 16 au AIFF, yameisha. Jingine ni lile la watumiaji wa Mac: kila wimbo unaonekana mara mbili kwenye skrini, na mmoja haupigi. Huo usiopiga ni kifaili kidogo kinachoanza na nukta na mstari wa chini, ambacho Mac hukiandika pembeni ya kila wimbo kwenye diski ya FAT32 au exFAT, ambazo ni fomati, yaani namna diski inavyopangiwa mafaili. Kifute na uendelee na kazi.

Kosa la pili liko kwenye mpangilio wa mafaili, na hapa ndipo wengi huitupa diski nzima. Dalili zake ni folda iliyokuwa na nyimbo mia tatu kuonekana tupu, majina kugeuka herufi za ajabu, au pleya kusema hakuna kitu wakati kompyuta inaonyesha nafasi imejaa. FAT32 haitunzi daftari la mabadiliko, kwa hiyo ukichomoa diski wakati pleya inaandika historia au alama za kyuu (zile unazoweka ndani ya wimbo ili uanzie hapo), jedwali linabaki nusu nusu. Ndiyo maana CDJ-2000 ina kitufe cha USB STOP, kitufe ambacho nadhani ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote kwenye mashine ile. Ukipitisha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, mabaki yatakusanywa kwenye folda iitwayo FOUND.000, mafaili yakiitwa FILE0000.CHK na kuendelea. Mengi ni nyimbo zilizopoteza majina tu.

Wakati mwingine nyimbo ni salama ila orodha ndiyo imeharibika. Rekordbox, programu ya Pioneer ya kupangia nyimbo, huweka nyimbo kwenye folda ya Contents, na hifadhidata yake kwenye folda ya PIONEER. Engine DJ, programu ya namna hiyo ya pleya za Denon, folda yake inaitwa Engine Library. Hifadhidata ikivurugika, bado unaweza kuingia kwa njia ya folda na kupiga nyimbo, bila pleylisti wala michoro ya mawimbi. Ukifika nyumbani unaitoa upya kutoka kompyuta. Hakuna cha kununua hapo.

Kuna pia suala la fomati, ambalo ni kosa la siku ya kwanza: diski mpya kabisa haionekani. CDJ-2000NXS2 inasoma FAT na HFS+. NTFS haisomi, exFAT haisomi. Pleya nyingi za zamani zinataka pia mgawanyo wa MBR na si GPT (mitindo miwili ya kugawa diski). Na kwa miaka mingi dirisha la kufomati la Windows limekataa kutengeneza FAT32 inayozidi GB 32, ndiyo maana mtu anafomati flashi ya GB 128 kwa exFAT bila kujua, halafu analaumu flashi.

Umeme ni kosa la nne. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500. Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 inapoanza kujisukuma kutoka kimya huomba zaidi ya hapo, hata kukaribia ampia 1, kisha ikishika mwendo inatulia. Matokeo yake ni ile sauti ya kuanza na kufifia. Kompyuta yako ina tundu lenye nguvu, kwa hiyo nyumbani kila kitu kinakwenda; kwenye pleya inagoma. Diski ile haijafa, iko mahali pasipoifaa.

Baada ya hayo yote ndipo tunafika kwenye diski yenyewe. Itoe, iunganishe na kompyuta, usome taarifa za SMART, rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kwa programu kama CrystalDiskInfo au smartctl. Orodha ni ndefu, ila mimi naangalia namba nne tu. Namba 5 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika na kazi yake kuhamishwa, 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, 198 ni zilizoshindikana kabisa. Tatu hizo zikiwa sifuri, uso wa sahani ni mzima. Zikiwa zinapanda kutoka wiki hadi wiki, anza kuaga. Ya nne ni 199, makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi. Hiyo ikipanda peke yake, zile tatu zikiwa sifuri, mbovu ni waya. Ningeisoma siku ile kabla ya kununua diski mpya, ningelala usingizi wangu. Angalizo: vikasha vingine vya USB haviipitishi SMART, kwa hiyo ukiona orodha tupu jaribu kikasha kingine, au chomeka diski moja kwa moja kwenye bodi ya kompyuta.

Okoa nyimbo kabla ya kulinganisha chochote

Ikiwa 197 au 198 inapanda, au umesikia ile tik tik, usipitishe chkdsk yenye /r. Amri hiyo inaifanya diski mgonjwa isome kila sekta na kurudia mbovu tena na tena, na kichwa kinachoyumba kinaweza kumalizia kuukwangua uso. Tumia GNU ddrescue, programu ya kunakili diski mgonjwa. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, inaandika ramani ya ilizoziruka, kisha inarudi kuzihangaikia mwishoni. Ukiizima katikati, ramani inakumbuka ulipofikia. Nyimbo zako nyingi zinakuwa zimeshatoka kabla diski haijakata roho.

Na ile habari ya kuweka diski kwenye friza, iacheni jamani. Ikitoka humo inatoka jasho, na maji juu ya sahani ambayo kichwa kinaelea nanomita chache tu juu yake hayana mwisho mwema. Kuifungua mezani ili "uangalie" ni hivyohivyo. Chembe moja ya vumbi ni jabali kwa kichwa hicho.

Kasi si hoja

Matangazo yote ya diski hushindana kwa kasi, kwa hiyo tufanye hesabu kidogo. MP3 ya kbps 320 inahitaji kilobaiti 40 kwa sekunde. WAV ya kiwango cha CD inahitaji kama 176. Piga deki nne za WAV kwa mkupuo, bado hujafika megabaiti moja kwa sekunde. Hata diski ya kuzunguka ya pleya kongwe inatoa makumi ya megabaiti. Kasi utaiona unapotafuta wimbo kwenye orodha ndefu, unaporuka katikati ya wimbo, au unapohamisha maktaba kutoka kompyuta. Muziki wenyewe hauihitaji.

Mimi nalinganisha kwa maswali mengine: kinavumilia besi? kinakula umeme kiasi gani? kinakufaje, kwa kuaga au kwa ghafla? na kikifa, nyimbo zinatoka?

Diski ya kuzunguka

Adui yake ni mtikisiko, na sisi kazi yetu ni kutengeneza mtikisiko. Mwisho wa mwaka 2008, Brendan Gregg wa Sun Microsystems alirekodiwa akizipigia kelele diski za seva kwa mdomo wake tu, na grafu ikaonyesha papo hapo diski zikichelewa kujibu. Kama mdomo wa mtu unafanya hivyo, fikiria subwufa iliyo chini ya meza yako. Kingine kilichotufurahisha ma-DJ ni kile Raymond Chen wa Microsoft alichosimulia mwaka 2022: video ya wimbo mmoja wa Janet Jackson ilikuwa ikiangusha kompyuta fulani za mkononi, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na sauti iliyogongana na mtetemo wa asili wa diski zao za mizunguko 5400 kwa dakika. Hata kompyuta ya jirani iliyokuwa imekaa tu ilianguka. Mtengenezaji alitibu kwa kuweka kichujio kinachoondoa masafa hayo kwenye sauti.

Kwenye pleya, jambo hilo haliji kwa kishindo. Wimbo unashika kwikwi, unaendelea. Unachagua wimbo mwingine, skrini inakaa sekunde tatu badala ya moja. Ukipunguza besi, inapona. Basi dawa ya kwanza ni godoro la sponji chini ya pleya na meza iliyotengana na spika, kabla ya pochi kufunguka.

Sifa yake ambayo vijana hawaipendi kuisikia: hufa kwa kuaga. Inaanza kuchelewa, inatoa sauti, namba za SMART zinapanda, na mara nyingi unapata wiki au miezi ya kuondoa mali yako. Hata ikifa, fundi wa kuokoa data ana pa kushika. Na ukiiweka kabatini miaka, bila umeme, kumbukumbu zake hutulia.

Ukiamua kurudisha ya kuzunguka ndani ya pleya, usiihamishe pleya ikiwa imewashwa. Hata kuisogeza kidogo kupisha glasi. Kichwa kikiwa kazini, kibao kidogo tu kinatosha.

SSD

Haina kinachozunguka, kwa hiyo besi haiihusu. Inakula umeme kidogo kuliko ile inayoanza kwa kujisukuma, ni kimya, ni nyepesi. Kwa kazi yetu hata uchakavu wake si wa kuhofia: unaandika maktaba mara moja na kuisoma maelfu ya mara, na kinachochakaza SSD ni kuandika. Wanaokutisha kwamba "SSD ina idadi ya maandishi" wanazungumzia seva.

Kinachonikera ni kifo chake. Jana ilikuwa nzima, leo haionekani hata kwenye kompyuta, wala haijalia. Chipu inayoiongoza ikiungua, nyimbo ziko mle ndani lakini hakuna mlango, na SMART yake inaonyesha uchakavu wa kumbukumbu, haitabiri kifo cha chipu hiyo. Jambo la pili linawahusu wanaofungia pleya kabatini msimu mzima: kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida kinadai data idumu mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi 30, SSD ikiwa imeshafika mwisho wa uchakavu wake. SSD changa hudumu zaidi ya hapo, lakini si kitu cha kuachia maktaba pekee uliyonayo.

Ndani ya pleya ya zamani kuna tatizo la tundu. Nyingi zilitengenezwa enzi za IDE, tundu la zamani la diski, na SSD ya sasa ya inchi 2.5 ni ya SATA, tundu lililolirithi, kwa hiyo unahitaji adapta yenye chipu ya kutafsiri katikati. Baadhi ya adapta hizo na baadhi ya bodi hazielewani: pleya inaiona diski leo, kesho haiioni. Pima pia nafasi. Adapta inaongeza unene, na mfuniko wa pleya hausubiri maelezo yako. Kikomo kingine ni cha ukubwa. Bodi za IDE za zamani zinazohesabu sekta kwa biti 28 hazivuki GB 137. Ukiweka SSD ya GB 500 humo, ama itaonekana ndogo, ama itaonekana kubwa mpaka siku utakapoandika kupita kikomo na maktaba kuvurugika. Hiyo ya pili ndiyo mbaya.

Kadi ya CompactFlash mahali pa diski

Hii wengi hawaijui, na kwa pleya kongwe ndiyo chaguo langu. CompactFlash ilibuniwa ikiwa inaongea lugha ya IDE yenyewe, kwa hiyo adapta yake ni nyaya tupu kutoka pini moja hadi nyingine, haina chipu ya kutafsiri, haina cha kubishana na bodi. Inakaa pale diski ilipokuwa, haitikisiki, haipati joto. Ukiweka ya GB 128 uko chini ya kile kikomo, na kwa MP3 za kbps 320 zenye dakika tano, ambazo ni kama megabaiti 12 kila moja, zinaingia nyimbo zaidi kidogo ya elfu kumi. Sijui DJ anayezihitaji zote usiku mmoja.

Adapta za kadi ya SD pia zipo, na umbo linafanana, lakini zile zina chipu ya kutafsiri ndani kama za SATA, na ubora wake unayumba. Ukizichanganya dukani utarudi kwenye shida ileile uliyoikimbia.

Flashi

Ndiyo inayotumika kuliko zote, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote ikiwa peke yake. Flashi nyingi hazina SMART, haziagi, na nyingine ni bandia: zinajitangaza GB 256 zikiwa na 16, halafu nyimbo zinazozidi hapo zinaandikwa hewani. Orodha inaonekana kamili, wimbo unapagawa katikati. Kila flashi mpya ninaipitisha programu ya kupima flashi, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux, kabla ya kuiwekea wimbo hata mmoja. Inachukua saa kadhaa. Iache ifanye kazi wewe ukifanya mengine.

Umbo nalo lina neno. Flashi ndefu inayotokeza ni mtarimbo: mkono ukiipiga ikiwa kwenye tundu, kinachovunjika kinaweza kuwa tundu la pleya, na kutengeneza tundu ni kazi kubwa kuliko kununua flashi kumi. Chukua fupi. Ila zile fupi mno, za ukubwa wa kucha, hupata moto sana zikifanya kazi usiku kucha, kwa hiyo mimi hukaa katikati.

Faida yake ni kwamba ni rahisi kuwa nayo ya pili. Na pleya kama CDJ-2000 nexus zimeshajiandaa kwa ajali: flashi ikitoweka katikati ya wimbo, pleya huingia kwenye lupu ya dharura, yaani inarudiarudia kipande kifupi, nawe unapata nafasi ya kuingiza wimbo kutoka deki nyingine.

SSD ya nje ya USB

Ni SSD ileile, ila udhaifu umehamia kwenye kebo. Besi haiigusi diski, inalegeza plagi. Tumia kebo fupi, ibandike isining'inie. Zile za NVMe (SSD za kasi kubwa kuliko SATA) ndani ya vikasha vidogo ni kali mno kwa kazi hii: zinavuta umeme mwingi na kupata moto ili kutoa kasi ambayo tumeona hatuihitaji. Ya SATA ndani ya kikasha cha kawaida inatosha. Na kama una diski ya nje ya kuzunguka unayotaka kuibomoa ili kiini chake kiingie ndani ya pleya, fungua kwanza uone: baadhi yake tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, SATA haimo kabisa.

Kwa anayetaka kuviona bega kwa bega:

| Chombo | Besi na mtikisiko | Umeme | Hufaje |
|---|---|---|---|
| Diski ya kuzunguka | Inaumia | Mwingi inapoanza | Kwa kuaga. Data mara nyingi huokolewa |
| SSD ya ndani | Haijali | Kidogo | Ghafla |
| CompactFlash | Haijali | Kidogo sana | Ghafla, ila ni rahisi kubadilisha |
| Flashi | Haijali, ila hugongwa | Kidogo | Ghafla, au ilikuwa bandia tangu mwanzo |
| SSD ya USB | Plagi hulegea | Kiasi; NVMe mwingi | Ghafla, au kebo tu |

Sasa pleya yako ni ipi?

Kama ni kongwe yenye diski ndani, mfano Numark HDX iliyokuja na diski ya GB 80, usiikimbilie SSD. Soma 199 kwanza, kaza au badilisha waya wa utepe. Ikithibitika diski ndiyo mgonjwa, fungua uone ni tundu gani, na kama ni IDE weka CompactFlash. Hamisha kwa kunakili sekta kwa sekta, si kuburuta folda, maana hujui pleya imeficha nini humo: jedwali lake, mipangilio, pengine hata programu yake endeshi. Nakala ya sekta kwa sekta inabeba vyote bila kukuuliza. Kadi isiwe ndogo kuliko diski ya zamani hata kwa megabaiti moja. Kisha weka ile diski ya zamani kwenye bahasha na uandike tarehe. Usiifute mpaka pleya imemaliza sherehe mbili tatu bila kwikwi.

Kama pleya yako ina nafasi ya diski ya SATA ya inchi 2.5, kama Denon SC6000 Prime au Prime 4, hakuna cha kubishania. SSD ya kawaida ya SATA, fomati ya exFAT, na unaijaza kwa kuiunganisha pleya na kompyuta. Sioni sababu ya kuweka ya kuzunguka humo, hata kama unayo bure mezani. Ibaki nyumbani.

Kama pleya haina diski kabisa, inategemea USB, swali la diski ipi linakuwa dogo na swali la ngapi linakuwa kubwa. Flashi mbili za kampuni tofauti, zilizojazwa kutoka maktaba moja siku moja, zinaishinda SSD moja ya bei kubwa. Nasema za kampuni tofauti kwa makusudi: mbili za toleo moja zilizonunuliwa pamoja zinaweza kuwa na kasoro moja. Mwenye maktaba kubwa ya WAV achukue SSD ya USB kwa kazi na flashi ya akiba yenye zile nyimbo mia tano ambazo bila hizo hawezi kufungua wala kufunga usiku.

Na ile diski ya kuzunguka tuliyoikataa kote huko? Nyumbani haina mpinzani. Iko mbali na spika, haisafiri, inaaga kabla ya kufa, na inavumilia kukaa bila umeme. Yangu ya maktaba kuu ni ya kuzunguka, na ninaisoma SMART kila mwanzo wa mwezi, dakika mbili tu.

Kabla ya kila kazi naiwasha pleya na kupiga wimbo mmoja kutoka mwanzo wa orodha, mmoja kutoka katikati, mmoja kutoka mwisho, nikiruka ndani ya kila mmoja. Halafu nafanya hivyohivyo kwa flashi ya pili. Flashi hiyo ya pili haikai mfukoni wala kwenye begi la pleya. Nimeifunga kwa mpira kwenye waya wa hedifoni, kwa sababu hedifoni sijawahi kuzisahau.